Pikipiki kuukuu: unatengeneza matengenezo ya wengine

Skrubu ya kwanza niliyoifungua kwenye Honda CG125 yangu haikuwa ya Honda. Ilikuwa skrubu ya mbao, ile ya kufungia bawaba za kabati, imeshindiliwa kwenye kifuniko cha pembeni mpaka ikajichongea njia yake ndani ya aluminiamu. Chini ya kiti nikakuta nyaya tatu za rangi tatu zimesokotwa pamoja na kufungwa kwa kipande cha tyubu. Gasketi ya kifuniko cha klachi ilikuwa imekatwa kutoka pakiti ya maziwa, na maandishi yalikuwa bado yanasomeka. Nikakaa juu ya debe nikacheka peke yangu. Halafu nikaacha kucheka, maana ndipo nilipoanza kuelewa nimenunua nini.

Wewe unayeanza utadhani unapambana na uzee. Chuma cha Japani cha miaka ya 70 na 80 hakizeeki upesi hivyo. Unachopambana nacho ni msaada. Kuna fundi aliyefungua kabla yako, kuna mpwa wa fundi, kuna mwenyewe aliyekwama porini jioni akiwa na koleo na waya wa ua. Siwalaumu. Hizi zilikuwa pikipiki za kazi, za mabwana shamba na walimu, na kila aliyezishika alikuwa na mtu amesimama pembeni anataka kuondoka. Wewe una banda nyuma ya nyumba, una taa, na hakuna anayekusubiri. Hiyo ndiyo faida pekee uliyonayo juu yao, usiitupe wikendi ya kwanza.

Kuhusu kuchagua sitasema mengi. Kwa hapa Kisumu, anza na CG125. Honda waliitoa mwaka 1976 wakiwafikiria watu wa nchi kama zetu, watu ambao wataiendesha miaka bila kuifungua, ndiyo maana vali zake zinasukumwa kwa fimbo badala ya kuzungushwa kwa cheni iliyopanda juu kichwani. Baadaye Wachina wakainakili injini hiyo kwa wingi, na leo ukienda duka lolote la spea Kondele utakuta pistoni, ringi na klachi za jamii hiyo zimetundikwa kama vitambaa. Mwenye Yamaha DT175 au Honda XL ya zamani hana bahati hiyo. Ila usiamini neno "inaingia". Beba kipande chako cha zamani na kalipa, upime palepale kaunta. Pistoni ya CG125 ya kiwandani ni milimita 56.5; yako inaweza kuwa kubwa kidogo kwa sababu silinda imeshachongwa upya mara moja au mbili, na hakuna aliyekuandikia. Na kabla ya kutoa pesa ya pikipiki yenyewe, linganisha namba ya fremu na ya injini na zilizo kwenye logibuku. Muuzaji akianza kukueleza historia ndefu ya kwa nini hazilingani, mshukuru kwa chai uende nyumbani.

Sasa, imefika nyumbani. Mkono utawasha. Utataka kuifungua yote, uipange juu ya gunia, upige picha. Nakuomba usiifungue. Pikipiki iliyo vipande ndani ya maboksi haiwezi kukuambia inaumwa wapi, na mke wangu atakuambia maboksi hayo hukaa miaka mingapi. Kwanza ifanye iongee.

Toa plagi, ilaze ikigusa chuma cha injini, piga kiki ukiwa kivulini. Ukiona cheche ya buluu, vizuri. Ukiona nyekundu dhaifu au giza tupu, usikimbilie kununua koili kama nilivyofanya mimi. Zile za mwanzo hutumia pointi, vichuma viwili vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke, na pointi iliyokaa miaka kumi bila kazi huota ukungu mweupe unaozuia umeme. Pitisha msasa laini, kisha kipande cha karatasi nyeupe katikati yake mpaka kitoke kisafi, halafu pima mwanya: milimita 0.3 hadi 0.4. Mwanya wa plagi ni 0.6 hadi 0.7. Baada ya hapo, kama pointi zenyewe zinarusha cheche kubwa nyeupe kila zinapofunguka, kondensa, inayotakiwa kuzimeza cheche hizo, imekufa. Koili huwa ya mwisho kwenye foleni.

Hapa nyaya nazo zina vituko vyake. CG za mwanzo ni za volti 6. Yangu ilikuwa na taa ya mbele inayowaka kama koroboi na honi inayokoroma, na kila mtu aliniambia ndiyo uzee huo. Ukweli ni kwamba mtu alikuwa ameweka balbu na honi za volti 12, za boda boda. Nilipopata balbu sahihi taa ikamulika mpaka kwa jirani. Kwa hiyo soma maandishi kwenye kila balbu kabla ya kulaumu injini, na usimruhusu mtu akufungie betri ya volti 12 eti "ipate nguvu".

Karanti ikipatikana, nenda kwenye kabureta. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo wageni wengi hukata tamaa, na ndipo uharibifu mwingi hufanyika kwa nia njema.

Petroli iliyokauka ndani ya bakuli la kabureta huacha kitu kama gundi ya kahawia chenye harufu ya rangi iliyochacha. Jeti kubwa, kijishaba chenye tundu la kupimia petroli, huvumilia. Jeti ndogo ya mwendo wa chini, yenye tundu usiloliona mpaka uiinue kwenye mwanga, huziba kabisa. Dalili yake ni hii: pikipiki inawaka tu ukiwa umefunga choki, na ukiifungua inazima. Mafundi wengi huchukua uzi wa waya wa breki na kulitoboa tundu hilo. Linatoboka, ndiyo, lakini shaba ni laini, na tundu likishapanuka hata kwa unywele, jeti hiyo haipimi tena. Yangu ilikuwa imepanuliwa hivyo, na nilihangaika na moshi mweusi miezi miwili kabla sijaishuku. Loweka jeti usiku kucha, kisha tumia mshipi mwembamba wa nailoni, huu wa kuvulia samaki. Kisumu hii hautaukosa. Unapita, unasugua, haukwaruzi. Malizia kwa upepo wa kujazia matairi. Na kabla hujatoa skrubu ya hewa, igeuze kwanza iingie polepole mpaka ikome, ukihesabu mizunguko, uandike. Nisemapo andika namaanisha kwenye daftari, kwa kalamu. Picha za simu ni nzuri mpaka simu iingie maji.

Skrubu za Japani nazo zina nyota ya kwao, inaitwa JIS. Kwa macho inafanana na nyota ya kawaida ila si ile. Bisibisi ya kawaida haikai hadi chini, hupanda na kuchomoka, na ikichomoka mara mbili kichwa cha skrubu kimekuwa bakuli. Hivyo ndivyo skrubu ya mbao ilivyofika kwenye kifuniko changu. Tafuta bisibisi ya JIS. Ukiikosa, ile ya kugongwa kwa nyundo huku inajizungusha hufanya kazi vizuri, mradi ncha yake ikae sawasawa. Iliyokataa kabisa, ipake mchanganyiko wa dizeli na oili ya gia za otomatiki, ulale. Kesho imwagie maji ya moto ya birika: aluminiamu hutanuka kuliko chuma, na mara nyingi skrubu inaachia kwa sauti ndogo, tik, ambayo utaipenda. Wakati wa kurudisha, kila kinachoingia kwenye aluminiamu kianze kwa vidole, plagi hasa. Vidole vikikataa, spana isilazimishe.

Tuje kwenye kutu. Sisi watu wa kando ya ziwa tunaijua, lakini pia tunakaa kwenye mkanda wa miwa, na dawa yake imo humohumo. Molasi. Ile wanayouza agroveti kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa. Changanya sehemu moja na maji sehemu kumi, jaza tanki la chuma lililooza ndani, uliache wiki mbili. Inakula kutu na kuacha chuma. Haina haraka, haina moshi wa sumu, na gharama yake ni ndogo kuliko chai ya mafundi. Toa kwanza koki ya petroli na kifuniko. Ziba tundu la koki kwa kizibo cha mpira. Weka tanki mbali na dirisha la chumba cha kulala, kwa sababu joto letu litaichachusha siku ya tatu, na nyuki wote wa mtaa watakuja kuuliza kuna nini. Ukishamwaga, suuza kwa maji mengi na ukaushe saa ileile kwa jua na upepo, maana chuma kilichovuliwa kutu hushika nyingine kabla hujamaliza kula chakula cha mchana. Zungusha ndani petroli iliyochanganywa na oili kidogo, halafu endelea na maisha.

Ila kosa langu lilikuwa hapahapa. Nilipoona tanki limetoka zuri nikapata tamaa, nikatumbukiza kwenye pipa la molasi kila kilichokuwa mezani, pamoja na sahani inayofunika ngoma ya breki ya mbele. Sahani ile ni aluminiamu. Baada ya wiki mbili niliitoa nyeusi, imetobolewa-tobolewa kama jani la sukuma lililoingiliwa na viwavi. Molasi haichagui kama unavyochagua wewe. Aluminiamu na zinki inazila vilevile. Nilitafuta nyingine miezi miwili. Nikaipata Jumapili moja soko la Kibuye, ndani ya rundo la vyuma chakavu, mwenye rundo akiitumia kuzuia turubai lisipeperuke.

Na tanki lenye tundu, tafadhali, usimpelekee mchomeleaji hivihivi. Tanki lililokaa tupu mwaka mzima bado lina mvuke wa petroli, na mvuke ndio unaolipuka. Lioshwe kwa maji moto na sabuni, kisha lijazwe maji mpaka karibu na tundu kabla moto haujasogea. Fundi akikuambia amefanya hivi miaka ishirini, chukua tanki lako. Vilevile vumbi la ngoma za breki usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo. Viatu vya breki vya zamani vilikuwa na asbestosi. Futa kwa kitambaa chenye maji. Usioshe vyuma kwa petroli karibu na jiko, na usiache injini ikiunguruma banda likiwa limefungwa. Haya umeyasikia, nayapita.

Oili: takriban lita moja, na iwe ya pikipiki, iliyoandikwa JASO MA. Klachi yetu huogelea ndani ya oili ileile ya injini, na baadhi ya oili za magari zina dawa ya kupunguza msuguano. Matokeo yake ni klachi kuteleza, nawe unafungua klachi nzima kutafuta ugonjwa ulioumimina mwenyewe kwa mkono wako. Mwanya wa vali upimwe injini ikiwa baridi, milimita 0.08. Baridi maana yake imelala usiku, si imepoa saa moja.

Kisha siku itafika itawaka. Endesha polepole mtaani wiki mbili, ukirudi toa plagi uisome. Rangi ya chai ya maziwa ndiyo unayoitaka. Nyeusi ya masizi ina maana petroli imezidi, nyeupe ina maana petroli haitoshi na injini inajichoma.

Mimi niliposoma rangi ya chai mara tatu nikajiona nimefuzu, nikapanga safari ya Nakuru. Kisumu iko mita kama 1,130 juu ya bahari, Nakuru ni karibu 1,850, na njia yenyewe hupanda juu zaidi ya hapo katikati. Hewa huwa nyepesi, petroli ni ileile. Baada ya Kericho ilianza kusuasua, na Londiani plagi ikatoka nyeusi tii. Nikashusha sindano ya kabureta hatua moja ili petroli ipungue, ikaimba mpaka Nakuru. Nilikuwa na furaha nyingi mno hata nikasahau kuandika.

Nikirudi, kila nilipozidi kuteremka ndivyo ilivyozidi kupata joto na kukosa pumzi. Ahero nikaiegesha chini ya mti, nikainama. Kabla sijatoa bisibisi, kijana wa boda boda alishafika na koleo mkononi.

"Mwalimu, hii ni plagi tu. Leta nikukazie."

"Asante, kijana wangu. Kaa hapo kwanza," nikamwambia, nikilifunika daftari asione ukurasa mtupu. "Niambie, unakunywa soda gani?"