Nikatie, usinikate

Swali: Juzi nilikwenda kununua nyama nikamwambia muuzaji, "Bucha, naweza kupata kilo moja ya nyama isiyo na mfupa?" Rafiki yangu akanicheka, akadai kwamba bucha ni duka, mtu haitwi hivyo. Nani kati yetu yuko sahihi?

Jibu: Rafiki yako yuko sahihi, ila amefukuza nzi akamwacha fisi.

Bucha ni duka, basi. Neno tumelitoa kwa Waingereza, nao walilitoa kwa Wafaransa wa kale, ambao neno lao linahusishwa na dume la mbuzi, yaani beberu. Neno la beberu, tena tumeletewa na mabeberu. Sina la kuongeza. Kuna wanaosema buchari, nao tuwaache. Mwenye kisu anaitwa muuza nyama. Mchinjaji ni mwingine, yule aliyemaliza kazi yake wewe ukiwa bado umejifunika shuka.

Sasa fisi. "Naweza kupata kilo moja?" Unamwuliza nani habari za uwezo wako? Ningekuwa mimi nyuma ya mzani ningekujibu "Unaweza", kisha nikaendelea kunoa kisu. Umeuliza, umejibiwa, mteja mwingine apite. Nyama inaning'inia mbele ya pua yako, pesa unazo mfukoni, halafu unauliza kama unaweza! Najua ulikoitoa: ni adabu ya Kiingereza iliyovishwa kanzu, na kanzu yenyewe haijaikaa.

Adabu yetu imo ndani ya kitenzi. Nipimie. Nikatie. Nichagulie. Nifungie. Kipande kile kidogo kinachoingia kabla ya irabu ya mwisho, ambacho wanasarufi hukiita kauli ya kutendea, kinamweleza muuzaji kwamba kazi ni yake na faida ni yako. Ukiona bado ni kavu, tanguliza "naomba": naomba unipimie nyama kilo moja. (Kilo moja ya nyama nayo si kosa. Sina ugomvi nayo leo.)

Lakini ole wako ukikidondosha kipande hicho! Nimemsikia kwa masikio yangu mtu mzima, mwenye akili zake, akimwambia muuza nyama, "Nikate vipande vidogo vidogo." Anamwambia mtu aliyeshika shoka! Mwenzake akadakia, "Na mimi nipime kilo mbili." Mtu wa kilo mbili hupelekwa kliniki, hapelekwi bucha. Na yupo wa tatu, huyu ndiye kipenzi changu, anayeagiza kila mara, "Nitoe mifupa." Angetiiwa kama alivyosema, angerudi nyumbani amekunjwa kwapani kama jamvi. Bahati yao muuza nyama ana huruma kuliko sarufi.

Kanuni si ngumu. Kitenzi ambacho mzizi wake una a, i au u huchukua i: kata, katia, pima, pimia, funga, fungia. Chenye e au o huchukua e: chemsha, chemshea, ondoa, ondolea. Hiyo l iliyojitokeza katika ondolea na chagulia ni ya zamani, ilikuwa imejificha tu. Tahadhari moja: ukisema "nitolee mifupa", muuzaji mtundu anaweza kwenda nyuma akakutolea mifupa mfuko mzima. Sema "niondolee", ulale salama.

Nisiwe mkali kupita kiasi. "Naweza kupata" ina saa yake: jioni, ndoano tupu, muuzaji anafuta gogo, nawe umefika unahema. Hapo unauliza kweli, hujui jibu. Ingawa hata hapo "nyama ipo?" ni maneno mawili na pumzi utaibakiza.

Ulitaka pia kujua, nadhani, utamwitaje akiwa mbele yako. Kaka, mzee, bwana, kwa kadiri ya umri wake. Ila "bwana nyama" usithubutu. Huyo ni afisa wa porini, anayezilinda nyama zikiwa bado zinatembea kwa miguu yake minne minne, na hapimi kilo.