Land Rover inazima ikishapata moto: niagize kifaa kipya?

Swali: Assalamu alaykum fundi. Nina Land Rover Series III ya petroli, ya marehemu baba. Mwaka jana tulitoa platini na kondensa, vile vinavyokata umeme ili plagi zitoe cheche, tukafunga kifaa cha elektroniki cha kufanya kazi hiyo ndani ya disibuta (kigawa umeme wa plagi) pamoja na koili mpya ya dukani, ile inayokuza umeme wa betri. Asubuhi inawaka kwa kugusa tu. Lakini hapa Pemba nikitoka Wete kwenda Mkoani, nikishaipita Chake Chake, inazima ghafla. Nikisubiri nusu saa inawaka kama haikuwa na kitu. Plagi nimebadilisha, bado. Naambiwa kifaa kimekufa, niagize kingine Uingereza. Niagize?

Jibu: Waalaykumu salaam ndugu yangu. Usiagize bado. Fedha hiyo ni nyingi, na kifaa kipya kikifungwa juu ya kosa lile lile nacho kitakufa.

Namna inavyozima imeshatwambia mengi. Gari ikikosa petroli hukohoa na kushtukashtuka kabla ya kuzima. Yako inakatika kama mtu aliyezungusha ufunguo, na hiyo ni dalili ya kukosekana moto wa plagi, yaani cheche. Hata hivyo hakikisha. Beba plagi moja nzima ya akiba garini. Ikizima tu, kabla haijapoa, chomoa waya mmoja wa plagi, uchomeke kwenye hiyo ya akiba, chuma chake kiguse injini mbali na kabureta, kisha mwenzio apige starta. Usishike waya kwa mkono mtupu, huo ni umeme wa maelfu ya volti. Cheche ya buluu yenye mlio ikiruka, tatizo tafuta upande wa petroli. Isiporuka, au ikiruka nyembamba ya rangi ya chungwa, endelea hapa.

Ninayoishuku kwanza ni koili. Dukani zinafanana kwa umbo, lakini zipo za aina mbili. Ya kawaida ya volti 12 ina om 3 hivi (om ni kipimo cha ukinzani wa umeme) baina ya vichwa vyake viwili vidogo; ile iliyokusudiwa kufungwa pamoja na rizista, kipande cha kupunguza mkondo, ina om 1.5 hivi. Piga hesabu: volti 12 kwa om 3 ni ampea 4, kwa om 1.5 ni ampea 8. Kifaa chako ndicho kinachoukata mkondo huo kila silinda inapotaka cheche, na vingi vya aina hii ndogo havina cha kuupunguza. Kikibebeshwa mara mbili, asubuhi kitavumilia kwa sababu ya baridi. Baada ya vilima na jua kinalemewa, na kikipoa kinarudi. Toa nyaya za koili ndipo upime. Kabla ya hapo gusisha ncha mbili za mita zenyewe, uone zinasoma ngapi, uiondoe namba hiyo, maana kwenye om 3 hata nusu om inadanganya. Linganisha na karatasi iliyokuja na kifaa.

Ikiwa koili ni sawa, nenda kwenye ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia chuma cha gari. Ndani ya disibuta kuna waya mfupi unaounganisha sahani ya chini na mwili wa disibuta. Sahani hucheza kila unapokanyaga na kuachia mafuta, na waya hucheza nayo miaka yote. Mimi niliwahi kuhangaika siku mbili na gari kama yako, nikabadilisha kifaa kizima, kumbe waya huo umekatikia ndani ya ganda lake. Kwa macho ni mzima. Ubane kwa koleo uuvute kidogo: ukinyumbuka kama mpira, shaba ndani imekwisha. Halafu washa swichi, ncha nyekundu ya mita kwenye sahani, nyeusi kwenye hasi ya betri. Ikizidi volti 0.2, ethi ni mbovu. Hewa yetu ya chumvi hukijaza kutu ya kijani kila kiungo cha shaba, kwa hiyo safisha na waya wa injini hadi chesisi pia. Waya mwekundu wa kifaa nao uwe na volti karibu sawa na betri.

Rota (kidole kinachozunguka ndani ya disibuta) yenye ufa na nyaya za plagi za shaba tupu nazo huleta vurugu. Vifaa hivi vinataka nyaya za kaboni.

Vipimo vinavyotaka swichi iwe imewashwa vifanye haraka. Ufunguo ukikaa umewashwa na injini imezima, koili na kifaa vinachemka pamoja. Huenda hivyo ndivyo vingi vinavyokufa.

Yote yakiwa sawa, rudisha platini na kondensa za zamani, nafasi ya platini milimita 0.35 hadi 0.40, weka taimingi (wakati wa cheche) upya, kisha nenda Mkoani. Ukifika bila kuzima, hapo kifaa ndicho chenye kosa, agiza. Platini usizitupe, zifunge kwenye mfuko zikae garini.

Niandikie om za koili na volti za ethi ulizozipata, injini ikiwa ya moto.