Maswali na Majibu: Naiba blaindi, mbona sasa wananifuata?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tunacheza poka ya pesa taslimu hapa Mwanza, blaindi (pesa ambazo wachezaji wawili hulazimika kuweka kabla ya karata kugawiwa) 1,000 na 2,000. Nikiwa batani (kiti kinachoamua wa mwisho baada ya flopu) na waliotangulia wote wametupa, napandisha hadi 5,000 kwa karata yoyote, maana nimefundishwa kwamba blaindi ni pesa ya bure. Mwanzoni walikuwa wanatupa, siku hizi wananifuata, yaani wanaweka kiasi kilekile. Juzi nilishika 7 ya kopa na 3 ya pau, mwenye blaindi kubwa akafuata. Flopu, yaani karata tatu za kwanza za mezani, ikaleta mfalme, 10 na 7. Nikaweka 8,000, karata ya nne nikaweka 27,000, zote akafuata. 40,000 ikaenda. Je, niwe napandisha hadi 8,000 ili waogope? – Msomaji, Nyegezi

JIBU: Marahaba. Hapana, usipandishe hadi 8,000, utaongeza hasara tu.

Hili la "pesa ya bure" nalisikia kila wiki na limenichosha. Unaweka 5,000 kutafuta 3,000. Kama unategemea watupe na si kingine, lazima watupe zaidi ya mara 62 kati ya 100. Na watupe wote wawili! Kila mmoja akitupa mara 7 kati ya 10, na huyo ni mwoga kweli, kutupa kwa pamoja kunatokea mara 49 tu kati ya 100. Ukifika 8,000, unahitaji karibu mara 73. Sasa yule mfanyabiashara aliyemaliza kuuza dagaa Mwaloni hajaja mezani saa tatu usiku ili atupe karata.

Somo hilo limetoka kwenye mashindano. Kule kuna ante, pesa ya lazima inayoongezwa juu ya blaindi: blaindi zikiwa 1,000 na 2,000, na ante 2,000, mezani tayari pana 5,000, hivyo wizi wa 5,000 unalipa wakitupa nusu ya mara. Tena chipu zikiisha umetoka, ndiyo maana watu huzibania. Kwenye pesa taslimu mwenzako anaingiza mkono mfukoni na kutoa noti nyingine. Ukifuatwa, kasino nayo inakata chake kwenye poti, yaani pesa zote zilizowekwa mezani.

Halafu tazama 40,000 yako ilivyokwenda. Wizi ulikula 5,000. Hizo 35,000 nyingine umezitoa kwa kukataa kukubali kwamba wizi umeshindikana, ukiwa na jozi ya 7 na mfalme amekaa pale mezani. Kwa mtu asiyetupa, ile 27,000 ilikuwa ya nini? Aliyekuwa na 10 hakuwa na sababu ya kukimbia.

Batani ni kiti kizuri, sikatai, kwa kuwa baada ya flopu unaamua wa mwisho. Dhidi ya wanaotupa ovyo, panua wizi wako. Dhidi ya hao wako, pandisha kwa karata zinazoweza kuishi zikifuatwa: ree ya kopa na kopa mwenzake yoyote, 8 na 7 za shupaza, mfalme na 10, jozi yoyote. 7 na 3 tupa, nenda kanywe maji.

Wanaoharibu watu ni hawa wa makundi ya Telegram wanaouza "chati ya kuiba blaindi". Mtu ananunua, anapoteza, anaambiwa mtaji wake ni mdogo, aongeze. Nimewaona wanaoongeza kwa hela ya kikoba. Kabla hujamlipa muuzaji, muulize: chati hii ni ya meza ya watu wangapi? Ina ante au haina? Imehesabu makato ya kasino? Blaindi kubwa anatupa mara ngapi? Akikujibu "wewe fuata tu, utaona", toka kwenye kundi hilo siku hiyohiyo.