Mmea wa kutambaa usio kwenye orodha ya nchi: picha peke yake haitoshi

Ukikuta mmea umepanda juu ya miti na orodha ya mimea ya nchi haina jina lake, usikimbilie kutangaza. Picha ya ua ni nzuri, ila rekodi mpya hushikiliwa na sampuli iliyokaushwa na kuhifadhiwa kwenye hebaria, yaani hifadhi ya mimea mikavu, ambako mtu mwingine ataifungua baada ya miaka 50 na kuhesabu stameni (viungo vya kiume vya ua) mwenyewe.

Kibali cha kukusanya kitangulie. Sampuli isiyo na kibali huenda isipokelewe, na kuipeleka nje ya nchi kunaweza kukuingiza kwenye masharti ya Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana manufaa ya rasilimali za kijenetiki, unaotumika tangu 2014.

Tabu ya mimea hii ni kwamba shina liko miguuni pako na ua liko mita 20 juu, katikati ya majani ya mimea mingine. Ndiyo maana sampuli mbovu nyingi zina ua la mmea mmoja na majani ya mwingine. Shika shina, livute taratibu, mwenzako aangalie kwa darubini ni majani yapi yanatikisika. Kisha lifuate kifundo kwa kifundo. Majani ya chini kivulini mara nyingi hayafanani kabisa na ya juu juani. Chukua ya aina zote mbili, uandike yapi yalikuwa wapi.

Karatasi ya kubandikia ni takriban sm 42 kwa 28, kwa hiyo kunja tawi refu kwa umbo la V au N badala ya kulikatakata. Geuza angalau jani moja mgongo uonekane. Kandamiza sampuli katikati ya magazeti, na siku za mwanzo uyabadilishe kila siku, la sivyo ukungu utaingia na majani yatakuwa meusi. Weka maua machache kwenye ethanoli ya asilimia 70, na vipande vya jani changa kwenye silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu) yenye uzito mara 10 ya jani, kwa ajili ya DNA. Kama shina ni moja tu, kata kijitawi kimoja, basi.

Daftarini andika kile kitakachopotea kikikauka: rangi ya ua, harufu, utomvu. Andika pia shina linavyojisokota. Maneno "kushoto" na "kulia" hayafai, kila mtu ana maana yake. Tazama kipande kilicho mbele yako: kikipanda kama mstari wa kati wa herufi Z, andika Z, kama wa S, andika S. Kwa viazi vikuu na jamaa zake wa jenasi Dioscorea, alama hiyo husaidia kutenganisha makundi. Humo pia mmea dume na jike kwa kawaida ni mbalimbali, kwa hiyo ukipata maua ya kiume tu, rudi utafute jike lenye matunda.

Vipimo vya GPS viwe na desimali tano, mfumo wa WGS84 (ndio GPS inaoutumia), pamoja na mwinuko. Kwenye lebo ya sampuli viwe kamili. Hadharani vifiche kama mmea unawindwa na wauzaji. Taja pia kama kuna bustani ya zamani karibu, maana huenda mmea ulitoroka humo.

Mwisho, pekua majina ya zamani ya spishi hiyo na majalada ya hebaria yenye sampuli zisizotambuliwa. Ukiikuta humo, mwaka wa rekodi ni ule ulio kwenye lebo hiyo, si wako.