Mlango Upi wa Kubisha? Maswali ya Wasomaji Kuhusu NEMA

Barua mlizotuandikia mwezi huu zinahusu Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira ya Kenya, NEMA. Wengi wenu mmepiga ripoti na hamkuona matokeo. Mara nyingi kasoro ni moja kati ya mbili: lalamiko lilipelekwa kwa ofisi isiyohusika, au lilifika bila kitu ambacho mkaguzi angeweza kukifuatilia. Tumejibu barua tano.

Kiwanda kilicho upande wa juu wa kijiji chetu humwaga maji meusi mtoni. Tuliita maafisa mara mbili. Walifika mchana, wakakuta mto safi, wakaenda zao. Tufanyeje?

Mto hauhifadhi ushahidi. Maji yaliyomwagwa saa nane usiku, kufikia asubuhi yamekwenda kilomita nyingi, na mkaguzi anayefika adhuhuri hupima maji mengine kabisa. Kwa hiyo kabla ya kupiga simu tena, tafuteni ratiba ya kiwanda. Kwa wiki mbili au tatu, andikeni kila siku: tarehe, saa maji yalipobadilika rangi, saa yaliporudi, harufu, mvua ilinyesha au la. Mvua ni muhimu, maana wapo wanaongoja mto ujae ndipo wafungue bomba. Orodha hiyo ikionyesha kwamba maji huchafuka, tuseme, kila Jumanne na Ijumaa baada ya saa sita usiku, mkaguzi atajua siku na saa ya kuja. Barua ya kurasa nne yenye uchungu mtupu haimpi habari hiyo.

Pili, ulizeni kuhusu leseni. Kiwanda kinachomwaga maji taka kwenye mazingira kinatakiwa kuwa na leseni ya NEMA ya kufanya hivyo, nayo hufanywa upya kila mwaka. Kama maji yanaingia kwenye mfereji wa maji taka wa mji, kibali hutolewa na kampuni ya maji inayosimamia mfereji huo. Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 ziliweka viwango hivi kwa maji yanayomwagwa kwenye mazingira: BOD (tunaieleza hapa chini) miligramu 30 kwa lita, COD (oksijeni inayohitajika kuuvunja uchafu kwa kemikali) miligramu 50, chembe zinazoelea miligramu 30, na pH (kipimo cha asidi) kati ya 6.5 na 8.5. Leseni ya kiwanda chenyewe ndiyo inayotaja masharti yanayokibana, na sheria inawapa wananchi haki ya kuomba kuona kumbukumbu zilizowasilishwa NEMA. Ombeni kwa maandishi, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Msomaji mwingine wa eneo hilohilo aliuliza BOD ni nini. Ni kipimo cha oksijeni ambayo vijidudu huitumia wanapoozesha uchafu ulio majini, kinachochukuliwa kwa siku tano katika nyuzijoto 20. BOD ikiwa kubwa, vijidudu huimaliza oksijeni na samaki hukosa pumzi. Ajabu ni kwamba samaki mara nyingi hawafi penye bomba. Hufa mbali zaidi, mahali ambapo vijidudu vimepata muda wa kuzaana na kula. Ndiyo maana mwenye kiwanda huweza kusimama kando ya bomba lake na kuonyesha samaki wakiogelea. Msikubali kwamba hilo limemaliza mjadala. Elezeni pia mlikoona samaki waliokufa, na umbali wake kutoka kiwandani.

Sasa kuhusu sampuli, kwa sababu hapa ndipo kesi nyingi huvunjikia. Mkaguzi anayejua kazi yake hachukui chupa moja tu. Huchukua maji ya upande wa juu wa bomba, ya bomba lenyewe, na ya upande wa chini baada ya maji kuchanganyika vizuri. Bila sampuli ya juu, wakili wa kiwanda atasema mto ulikuja ukiwa tayari umechafuka, na hakutakuwa na la kumjibu. pH na joto hupimwa papo hapo mtoni kwa kuwa hubadilika safarini. Chupa ya BOD hujazwa mpaka juu pasibaki hewa, huwekwa kwenye barafu gizani, kwenye nyuzijoto 4 hivi, na hufikishwa maabara ndani ya saa 48. Ikikaa kwenye gari lenye joto, vijidudu huanza kula njiani na kipimo hutoka kidogo kuliko ukweli. Chupa ya kupima bakteria huwa imetakaswa, na haisuuzwi kwa maji ya mto. Chupa ya kupima madini mazito hutiwa tone la asidi ya nitriki, la sivyo madini hushika kuta za chupa. Kisha kila chupa hufungwa kwa lakiri na kuandikwa mahali, saa na jina la aliyechukua, na kila mtu inayopitia mkononi mwake hutia sahihi. Sahihi moja ikikosekana, mahakama ina sababu ya kuitupa sampuli.

Chupa ya soda mliyoijaza wenyewe haiwezi kuchukua nafasi ya sampuli ya mkaguzi. Ila picha zenye saa na zinazoonyesha bomba pamoja na kitu kisichohama, kama daraja au mnara, zina uzito.

Ofisi ya kupelekea haya ni ya mkurugenzi wa NEMA wa kaunti. Ikikaa kimya, iko Kamati ya Kitaifa ya Malalamiko ya Mazingira, ambayo kisheria huchunguza malalamiko dhidi ya mtu yeyote, na hata dhidi ya NEMA yenyewe. Wachache sana huitumia, nasi tunasikitika, kwa sababu iliundwa kwa ajili ya watu walio katika hali yenu hasa.

Karakana ya kuchomelea vyuma iko ukuta kwa ukuta na nyumba yetu, na hufanya kazi mpaka saa nne usiku. Kaunti inasema nenda NEMA, NEMA inasema nenda kaunti.

Wote wawili wanahusika, na ndiyo sababu ni rahisi kwao kurushiana mpira. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti udhibiti wa kelele, uchafuzi wa hewa na kero nyingine za umma. NEMA nayo husimamia Kanuni za Kelele za 2009. Kwa karakana ndogo, anza na afisa wa mazingira wa kaunti, kwa kuwa kaunti ndiyo iliyompa fundi leseni ya biashara na inaweza kukataa kuifanya upya. Iandikie barua, na nakala ipeleke kwa mkurugenzi wa NEMA wa kaunti. Kila ofisi ikiona kwamba nyingine imeandikiwa, inakuwa vigumu kukurudisha ulikotoka.

Kanuni za 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili na dakika moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Nje ya nyumba katika mtaa wa makazi, kiwango ni desibeli 50 mchana na 35 usiku. Panapochanganyika makazi na biashara ndogo, mchana ni 55 na usiku ni 35 vilevile. Kwa hiyo jambo la kwanza la kubishania ni mtaa wenu uko katika kundi gani. Kwa bahati, kwa upande wa usiku jibu ni lile lile.

Desibeli haziongezeki kama shilingi. Mashine mbili zilizo sawa, kila moja ikitoa 80, kwa pamoja hutoa 83, si 160. Na zikipanda kwa 10, nguvu ya sauti imekuwa mara kumi, ingawa sikio huiona kama maradufu tu. Fundi anayesema amepita kiwango "kwa kumi tu" amepita sana.

Programu ya simu itakupa fununu, lakini haitakubalika kama kipimo. Kipima sauti cha mkaguzi hukaguliwa kwa kifaa kinachotoa sauti ya desibeli 94, kabla na baada ya kupima. Huwekwa mita 1.2 hadi 1.5 kutoka ardhini, mbali na kuta zinazorudisha sauti, na huvikwa sifongo ya kuzuia upepo. Hupimwa mara mbili: karakana ikifanya kazi, kisha ikiwa imezimwa. Kipimo hicho cha pili husahauliwa mara kwa mara, na bila hicho fundi atasema kelele ni ya barabara. Mkaguzi akija, mwombe apime vyote viwili.

Jirani ameanza kuchimba msingi wa ghorofa. Hakuna aliyetuuliza. Naweza kupinga, na nina muda gani?

Unaweza, na muda ndio utakaokuponza usipokuwa mwangalifu.

Tazama bango la mradi kwanza. Linapaswa kuonyesha nambari ya leseni ya tathmini ya athari kwa mazingira. Kama hakuna leseni, kazi hiyo imeanza kinyume cha sheria ya mazingira, EMCA, ya 1999, na NEMA inaweza kuisimamisha. Piga picha ya bango, au ya mahali ambapo lingekuwa, na uripoti leo.

Kama leseni ipo, anayeipinga huenda kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira, chombo kilicho nje ya NEMA kilichowekwa kusikiliza rufaa dhidi ya maamuzi yake. Una siku 60. Mawakili hubishana kama siku hizo zinaanza leseni ilipotolewa au jirani alipojua, lakini wewe usiingie katika ubishi huo: hesabu kutoka tarehe iliyo kwenye leseni. Watu wengi hutumia wiki sita kuandikia barua kila ofisi wanayoijua, kisha hufika kwenye Jopo siku ya 70. Kumwandikia mkurugenzi wa kaunti hakusimamishi saa.

Hoja ya kwamba hamkuulizwa inategemea aina ya ripoti. Miradi iliyo katika daraja la hatari kubwa hufanyiwa tathmini kamili, ambayo hudai angalau mikutano mitatu na wanaoathirika, matangazo ya gazeti na redio, na muda wa umma kutoa maoni. Miradi midogo hupita kwa ripoti ya mradi, na huko majirani kwa kawaida huulizwa kwa fomu za maswali. Omba nakala ya ripoti uzisome fomu hizo. Angalia walioandikwa kama majirani: wapo? Wanaishi wapi? Sahihi ni zao? Fomu za watu wasiojulikana mtaani ni hoja yenye nguvu kuliko kulalamika kwamba jengo litawazibia upepo. Linganisha pia idadi ya ghorofa katika ripoti na ramani zilizoidhinishwa na kaunti. Mradi ukibadilika sana baada ya leseni, NEMA ina uwezo wa kuagiza tathmini mpya, au hata kuifuta leseni. Leseni yenyewe hutaka mradi uanze ndani ya miezi 24, basi msingi unaochimbwa mwaka wa nne una swali la kujibu.

Jopo lisipokuridhisha, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ndiyo inayofuata. Kifungu cha 70 cha Katiba hakikudai uthibitishe kwamba wewe binafsi umepata hasara.

Takataka za mtaa hazijazolewa mwezi mzima. Niripoti NEMA?

Anza na kaunti. Uzoaji wa taka ni kazi yake kikatiba. NEMA hutoa leseni kwa magari ya kusafirisha taka na kwa madampo. Ukiona lori linamwaga taka bondeni usiku, hapo ni NEMA. Andika nambari ya lori.

Mtu aliyevaa fulana ya kijani aliingia dukani, akakuta mifuko ya plastiki, akataka Sh20,000 "nisipelekwe kortini". Ni sheria?

Mifuko ya kubebea imepigwa marufuku tangu Agosti 28, 2017, na adhabu ni faini ya kati ya Sh2 milioni na Sh4 milioni, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne, au vyote. Kwa hiyo iondoe leo, bila kungoja kesho. Lakini faini hutozwa na mahakama. Hakuna mkaguzi mwenye ruhusa ya kuipokea dukani.

Wakaguzi wa NEMA huchapishwa majina katika Gazeti Rasmi la Serikali. Wana mamlaka ya kuingia kwenye biashara kwa saa zinazofaa bila hati ya mahakama, kuchukua sampuli na kukamata bidhaa, na wanaweza kumtaka polisi amkamate mtu. Kabla ya yote hayo wanatakiwa kujitambulisha. Omba kitambulisho, nakili jina na nambari, kisha ipigie ofisi ya kaunti ukiwa bado umesimama naye. Akikamata kitu, omba orodha ya alivyochukua, yenye sahihi yake. Mkaguzi halisi atangoja wakati unapiga simu.