Nimefika mwaka 1560, nirudi nyuma vipi?

SWALI: Nimefuatilia ukoo wa mama yangu huko Uingereza kwa rejista za parokia hadi 1560. Nyuma ya hapo ni giza. Nitafute wapi habari za Zama za Kati?

JIBU: Hongera, ndugu yangu, umefika mbali. Rejista hizo zilianza kwa amri ya 1538, hivyo usihangaike kusaka ubatizo wa 1450. Sasa fuata ardhi. Mimi huanza na kumbukumbu za mabaraza ya mabwana wa ardhi: mkulima alipofariki, karani aliandika nani amerithi shamba na amelipa nini. Mstari mmoja tu hukupa baba na mwana, na moyo hunidunda kila ninapoukuta! Ni Kilatini chenye vifupisho, basi jifunze kwanza kusoma hati za kale.

Kama wahenga wako walimiliki ardhi waliyopewa moja kwa moja na mfalme, tafuta hati za uchunguzi wa ardhi na mrithi uliofanywa baada ya mmiliki kufa, tangu karne ya 13. Hutaja mrithi na umri wake. Ziko kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Kew, London. Orodha za kodi ya kichwa za 1377, 1379 na 1381 pia husaidia.

Ila nakusihi: kufanana kwa jina la ukoo si ushahidi.