Kumpikia mtu wa figo bila kumlisha kabeji ile ile kila siku

Mamangu anasafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, na sasa ni mwaka wa tatu. Siku tulipewa ile karatasi ya chakula niliisoma kwa matatu tukirudi Umoja nikaona ni kama kuna mtu alikaa chini akaandika vitu vyote mama anapenda halafu akavipiga kalamu moja moja. Maharagwe, ndizi, parachichi, nduma, viazi vitamu, spinachi, supu ya mifupa, chai ya maziwa. Githeri hata usiitaje. Basi wiki mbili za kwanza ilikuwa wali na kabeji ya kuchemsha, kesho wali na kabeji, mpaka akaniuliza, "Kwani nimefungwa?"

Kama na wewe uko hapo sai, hivi ndivyo nilijitoa. Lakini usinakili karatasi yangu, uliza mtaalamu wa lishe wenu juu vipimo vya damu vya kila mtu ni tofauti na hata vya mama vikibadilika sisi hubadilisha sufuria.

Kitu cha kwanza niliacha kufikiria kilichokatazwa. Nilichukua kalamu nikaandika kilichobaki: mchele mweupe, unga mweupe wa ngano, sembe, kabeji, vitunguu, hoho, mishiri, biringanya, karoti kidogo, yai, kuku, samaki, tufaha, kipande cha nanasi. Si mingi lakini pia si kabeji peke yake. Na nyama usimnyime, hapo watu wengi hukosea, wanasikia figo wanakata nyama yote, kumbe mtu akianza kusafishwa damu anahitaji protini zaidi kwa sababu ingine inatoka na ile mashine. Ni kipimo tu ndio unaambiwa.

Sasa kabeji. Ukiikata vipande vikubwa ukaichemsha inanuka hospitali, hiyo hakuna mtu ataisifu. Mimi huikata nyembamba kama uzi, naichemsha dakika chache kwa maji mengi, namwaga yale maji, naikamua kwa mkono mpaka ikauke. Halafu mafuta kidogo, moto mkali, jira nzima ikianza kuruka ruka kwa sufuria natupa kitunguu saumu na kabeji, nageuza haraka, pembeni zikishika rangi ya kahawia nazima gesi ndio nakamulia ndimu. Ndimu ikipikwa inapotea, iweke mwisho. Mara ya kwanza kupika hivyo mama aliuliza nimeweka chumvi ngapi, na sikuwa nimeweka hata punje. Siku ingine ile kabeji naikunja ndani ya chapo na yai, kama rolex ya Waganda, ila bila nyanya. Chapo ni ya unga mweupe, maji na mafuta, usiweke baking powder juu hiyo huja na fosforasi na sodiamu yake, madini ambayo figo zilizochoka hazitoi vizuri kwa damu.

Pilau ndio ilituokoa Jumapili. Harufu inafanya kazi ya chumvi. Unakaranga vitunguu vitatu polepole mpaka viwe rangi ya chokoleti, hapo usikimbie, ni kama dakika ishirini, halafu iliki, karafuu, mdalasini, jira, vipande vya kuku, mchele. Hakuna royco, hakuna kyubu. Wajukuu wanakula sufuria moja na yeye na hiyo kwake ni kubwa kuliko ladha yenyewe, mtu hachoki na chakula tu, anachoka kula sahani yake peke yake pembeni.

Nyanya nilifikiri singeweza kuacha, mchuzi wa Mkenya si unaanza na nyanya. Sai nachoma hoho nyekundu juu ya moto wa gesi mpaka ngozi iwe nyeusi, natoa ngozi, nasaga na kitunguu, naongeza siki kidogo. Nusu hoho kwa sufuria nzima, juu hoho pia, kama nyanya, ina potasiamu yake, madini mengine ambayo hubaki kwa damu figo zikichoka. Viazi mara moja moja: vikatwe vidogo, chemsha, mwaga maji, weka mengine, chemsha tena, mwaga, ndio ukarange. Yale maji usiyafanye supu, potasiamu yote uliyofukuza iko humo.

Nikuambie na kosa langu. Nilinunua chumvi imeandikwa ni ya afya, sodiamu kidogo, nikajiona nimeerevuka. Kumbe nyuma ya pakiti kwa herufi za mchwa ni kloridi ya potasiamu, yaani wametoa kitu kimoja wakaweka kile kile kinachoweza kusimamisha moyo wa mgonjwa wa figo. Vipimo vya wiki hiyo vilifanya daktari avue miwani. Sikulala. Tangu hapo sinunui kitu bila kugeuza pakiti, na magadi ya kulainisha mboga niliitoa kabisa kwa nyumba, hiyo imejaa sodiamu.

Maji ya siku nayo yana kipimo, nayapima asubuhi kwa chupa. Akinywa uji au akinyonya barafu, namwaga kiasi hicho kutoka kwa chupa, tunaona wote kilichobaki na hakuna kubishana. Wageni ndio shida, wanakuja na ndizi na supu kwa thermos wakiwa na roho safi, sasa nikisikia mtu yuko njiani nampigia simu mapema namwambia alete tufaha.

Chai tu ndio imenishinda. Tulikubaliana kikombe kimoja kidogo cha rangi na tangawizi asubuhi. Juzi nikifagia nikapata kikombe kingine nyuma ya pazia, kimekauka, kina utando wa maziwa. Nilikiosha nikakirudisha kwa kabati bila kusema neno, na chakula cha mchana alikula kimya kuliko kawaida.